Dada, Uache Huo Mfuko Garini

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana msafi. Mwaka 2018 ulizunguka mtandaoni waraka ulioanzishwa na Shelton Mpala, mwanaharakati wa Zimbabwe, ukiitaka kampuni ya Disney iachie maneno "Hakuna Matata". Kampuni ilikuwa imeomba kuyasajili kama alama ya biashara mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu ya The Lion King, ikakubaliwa mwaka 2003. Usajili wenyewe ulihusu fulana. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini, na mimi nikiwa mmoja wao: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Dar es Salaam, simu mkononi, hasira tele. Ilinichukua nusu dakika. Nikajiona nimekilinda Kiswahili, nikaenda kula chipsi mayai.

Julai iliyopita nilikaa mezani ndani ya bustani ya burudani ya kampuni hiyo hiyo, huko Florida, katikati ya vibao vya Kiswahili, nikaelewa kwamba nilikuwa nimemshtaki mtu wa mbali. Niliyepaswa kugombana naye alikuwa ameketi mbele yangu akinisogezea saladi. Ni mjomba wangu. Nampenda, na anajua kwamba naandika haya.

Mama alikuja Marekani kwa mara ya kwanza mwezi ule, akitokea Tanga. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya isimu kwenye chuo kimoja cha majimbo ya kati, na ada yangu inalipwa kwa kufundisha Kiswahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mjomba, mdogo wake Mama, ana zaidi ya miaka 20 kwenye kitongoji cha Atlanta, na mkewe na watoto wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa miaka sita. Safari aliipanga yeye: sote sita gari moja, saa saba za barabara mpaka Orlando, siku tatu za bustani.

Michezo haikumsumbua. Kilichomkosesha usingizi ni wapi tutakula.

Msomaji ambaye hajafika huko anaweza kudhani njaa ikikukamata unatafuta kibanda, basi. Vibanda vipo. Lakini migahawa ya kuketi hupangwa kama harusi: nafasi za meza hufunguliwa siku 60 kabla, watu huamka alfajiri kuziwahi, na anayechelewa hubaki kuzungukazunguka na watoto wanaolia. Mjomba alitengeneza jedwali la rangi tatu. Alinipigia simu mwezi Mei kuniuliza Mama angependa kula nini, na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Nimeshampatia pa kwao. Nataka Dada akae mahali pa kwao."

Pa kwao ni Harambe. Huu ni mji wa kubuni ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Waliousanifu, wakiongozwa na Joe Rohde, walifanya ziara Afrika Mashariki, na sura ya mji wameiiga kwa kiasi kikubwa kutoka Lamu. Sitasema ni kazi mbovu. Ningependa kusema hivyo, maana ingenirahisishia makala. Lakini kuta zimechubuliwa kwa ustadi, rangi imefifishwa kama vile imepigwa na miaka 50 ya upepo wa bahari, na kuna maandishi ya Uhuru na mwaka 1961. Huo ni mwaka wetu sisi wa Tanganyika, umewekwa kwenye mji wenye sura ya pwani ya Kenya na jina la wito wa Kenya. Tena jina lenyewe limepungukiwa e moja. Harambee imekatwa mkia. Nilimwonyesha Mjomba. Akasema, "Wewe umekuja kutembea au kusahihisha?"

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mwalimu mstaafu akiona maandishi huyasoma kwa sauti. Alipofika penye neno Dawa alisimama, akafungua pochi, akauliza kama tunaweza kupata vidonge vyake vya presha, vya akiba. Nikamwambia ile ni baa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kibanda kiitwacho Mahindi kilikuwa kinauza bisi. Kile kiitwacho Tamu Tamu kilikuwa na aiskrimu, na hapo alitikisa kichwa kukubali: "Hawa wamepatia."

Nilianza kuyahesabu maneno, ugonjwa wa watu wa isimu. Hotelini kwa wanyama kuna migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa, na nyumba ziitwazo Jambo na Kidani. Kwenye filamu kuna Simba na Rafiki. Ukiyapanga yote utadhani umefungua kamusi, lakini soma tena. Karibu yote ni nomino, na nomino zilizokaa peke yake. Hakuna kivumishi kinachozifuata, kwa hiyo hakuna upatanisho wa kisarufi, kwa hiyo ngeli hazina kazi. Kitenzi nilichokiona ukutani ni kimoja, Kusafiri, jina la duka la kahawa na mikate, nacho hakina mtenda wala wakati. Anasafiri nani? Lini? Kiswahili cha vibao hakiwezi kuuliza swali, hakiwezi kukataa, hakiwezi kumwambia mtu "usinifanyie hivyo". Ni Kiswahili cha kupigia picha.

Hapa ndipo wenzangu wengi hutia saini waraka wakaenda kulala. Kampuni imechukua maneno yetu, imeyageuza mapambo, inauza. Ni kweli. Lakini kampuni ile haina ufunguo wa nyumba ya Mjomba.

Nyumba ya Mjomba naijua, nimelala huko likizo tatu. Sebuleni kuna kinyago cha Kimakonde, kanga iliyowekwa kwenye fremu ya kioo, na ramani ya Afrika iliyochongwa kwa mbao. Watoto wanajua "jambo", neno ambalo hakuna mtu Tanga aliyewahi kunisalimu nalo. Wanajua "pole", "chapati", "hakuna matata". Hawajui "nimechoka". Hawajui kumwambia Mama "shikamoo" mpaka wakumbushwe, na wakikumbushwa huisema kama nenosiri la intaneti. Walipozaliwa, mtu fulani alimshauri Mjomba azungumze nao Kiingereza tu, wasije wakachanganyikiwa. Ushauri huo watafiti wa lugha walishautupa siku nyingi, na nilimwambia hivyo, lakini sidhani kama ulikuwa sababu yenyewe. Ulikuwa ruhusa. Mjomba amejenga Harambe nyumbani kwake: kuta za kwetu, nomino chache, hakuna sentensi. Wanafunzi wangu, vijana waliokulia kwenye mashamba ya soya, wanaweza kumuuliza Mama amelalaje. Wapwa zake wa damu hawawezi.

Sasa turudi kwenye chakula, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Usiku wa kuamkia safari Mama aliingia jikoni kwa Mjomba akafunga mlango. Tui la nazi alilipata la kopo, akalinung'unikia, akalitumia. Mpaka saa sita usiku alikuwa na maandazi zaidi ya 40, chapati, mayai ya kuchemsha na katlesi, vyote kwenye karatasi ya foili na mfuko mmoja mkubwa wa kitambaa. Mtu aliyesafiri na basi la Tanga kwenda popote anaujua mfuko huo. Safari bila mfuko huo ni msiba au ni kufukuzwa.

Na kuhusu maandazi yale kuna jambo ambalo watoto wa Mjomba hawajawahi kuambiwa. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi haukutosha kumsomesha mdogo mtu sekondari. Mama aliamka saa kumi alfajiri, akakaanga, akauza wakati wa mapumziko, kwa wanafunzi wake mwenyewe na kwa walimu wenzake. Hiyo ndiyo ada ya Mjomba, kidato cha kwanza mpaka cha sita. Mapishi yalikuwa yale yale, iliki ile ile.

Tulipoegesha gari, Mama akashika mfuko wake. Mjomba akasema, kwa upole kabisa, "Dada, uache huo mfuko garini."

Nilikuwa nimesoma masharti ya bustani usiku uliotangulia. Unaruhusiwa kuingia na chakula chako, mradi si cha kupasha moto, na usibebe pombe wala vyombo vya kioo. Hata maji yenye barafu hupewa bure ukiomba kwenye kaunta za vyakula vya haraka. Nikamwambia Mjomba haya yote, nikidhani tatizo ni sheria.

"Najua inaruhusiwa," akasema. "Lakini watu watatuonaje?"

Naomba tusimame kwenye swali hilo, kwa sababu nalisikia tangu nizaliwe na sijawahi kuona likijibiwa. Watu gani? Mbele yetu kwenye foleni ya ukaguzi kulikuwa na familia ya Wazungu saba, wamebeba mikate iliyopakwa siagi ya karanga kwenye mifuko ya plastiki, na baba yao alikuwa anatafuna yake pale pale foleni, makombo kwenye ndevu. Hakuna aliyewaona vibaya. Hakuna aliyewaona kabisa. Wao hawakuwa na haja ya kumthibitishia mtu kwamba wana pesa. Anayelazimika kununua meza ili aonekane amefika ni yule ambaye bado anahisi yuko mlangoni. Watu wa Mjomba, wale watakaotuona, wanaishi kichwani mwake, na amewalisha miaka 20.

Mama aliuacha mfuko. Hakubishana; yuko kwa mdogo wake, ni mgeni. Nilichelewa makusudi kufunga mlango wa gari, nikatia foili mbili kwenye begi langu la mgongoni. Mlangoni mlinzi alifungua begi, akaziangalia, akanitakia siku njema.

Meza aliyotuwekea Mjomba ilikuwa Tusker House. Kwa Mkenya, Tusker ni bia kabla haijawa tembo, lakini tuyaache. Ni chakula cha kujipakulia, na Bata Donald hupita meza hadi meza akiwa na mavazi ya safari. Mtoto akishafika miaka 10 huhesabiwa mtu mzima, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wazima watano na mtoto mmoja. Kwa zaidi ya dola 50 kila mtu mzima, kabla ya kodi na bakshishi, hesabu ilipita dola 280. Mama aliomba nimgeuzie kwa shilingi. Nikamwambia laki saba na ushee. Akanyamaza, akaenda kuchukua sahani ya pili, kwa sababu mwalimu hatupi pesa.

Chakula hakikuwa kibaya. Kulikuwa na nyama za kuoka, saladi za kila rangi, makaroni ya jibini kwa watoto. Kwenye mji ulioigwa Lamu mimi nilitafuta mahamri na mbaazi, nikatafuta samaki wa kupaka, siku ile sikuviona. Na sikushangaa, maana hakuna aliyeniahidi. Aliyeahidi ni Mjomba.

Bata Donald akaja, akamkumbatia Mama. Mama akampa mkono kwa adabu, akauliza hali. Picha ikapigwa. Kisha binti wa Mjomba, mdomo una makaroni, akamgeukia Mama akauliza kwa Kiingereza: Shangazi, huko Tanzania mnakula hivi?

Lilikuwa swali la kweli, la kwanza alilomuuliza tangu Mama afike. Hakulitoa kwenye kibao. Mama Kiingereza anakielewa, amekifundisha. Lakini alijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyosema na darasa la kwanza:

"Hapana, mwanangu. Chetu kiko garini."

Mtoto akamtazama baba yake amtafsirie. Na Mjomba, bila kusita hata kidogo, akamwambia kwa Kiingereza: Anasema ni kitamu sana.

Mtoto akarudi kwenye makaroni yake.

Mimi, ninayelipwa kufundisha lugha hii, nilikaa kimya. Hili ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Ningeweza kusema. Nilifikiria heshima ya Mjomba, bili aliyokuwa anakaribia kulipa, joto la nje. Watu watatuonaje. Mama aliniangalia mara moja tu, kisha akakunja kitambaa chake cha karatasi pembe kwa pembe.

Ninachodai katika makala hii ni hiki, na si kikubwa. Familia ikienda kutembea na mtu mzima aliyepika, ile chakula chake, kwenye benchi, mchana kweupe, na pesa ya meza inunue tiketi ya mchezo au ikae benki. Na kama mnataka kuketi mezani, ketini popote, pa Kitaliano, pa Kichina, pa kuku wa kukaanga, lakini msinunue jina la kwenu ili kukwepa kitu cha kwenu. Lililonichoma siku ile ni kwamba mlo ule ulikuwa na kazi: kuyafunika maandazi. Kibao cha Kiswahili kilifanya kazi ambayo kibao cha Kiitaliano kisingeweza. Kilimruhusu Mjomba kusema amemleta dada yake nyumbani, huku nyumbani kukiwa kumefungiwa garini kwenye jua la Florida.

Anao utetezi, na si wa kipuuzi. Aliniambia usiku ule kwenye maegesho ya hoteli, watoto wameshalala. Alifanya kazi za usiku miaka 11 kabla ya kupata kazi anayoitaka. Anamkumbuka dada yake ameinama kwenye karai la mafuta, alfajiri baada ya alfajiri, na yeye amejifunika shuka anajifanya amelala. "Nilitaka siku moja tu Dada aketi," akasema. "Apakuliwe."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilitamani aibu yake iwe ya aina moja, ile rahisi ya kudharau kwao. Kumbe alikuwa hawezi kuyaona maandazi bila kuliona lile shuka. Lakini nilipokwisha kulifikiria nikamwambia mambo mawili. La kwanza, hakupakuliwa; tulijipakulia wenyewe, na Mama alisimama foleni na sahani kama sisi. Hapo alicheka kidogo. La pili, hukumuuliza. Ulinipigia simu mimi, ukajijibu wewe. Mtu aliyekusomesha kwa mkono wake usimlipe kwa kumwomba aufiche. Hapo hakucheka, akaenda kulala.

Siku iliyofuata sikusubiri ruhusa. Saa saba mchana watoto walipoanza kulalamika njaa, nilikaa kwenye benchi la kwanza lenye kivuli, nikafungua begi. Maandazi yalikuwa na siku mbili sasa, yamekazana kidogo, na Mama aliomba radhi kwa hilo mara tatu. Mke wa Mjomba ndiye aliyechukua la kwanza. Nilishangaa, kisha nikajiuliza kwa nini nilishangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye pia. Mvulana alikula mawili bila kusema neno. Msichana akalishika lake, akalinusa, akauliza linaitwaje.

"Andazi," Mama akamwambia. "Yakiwa mengi, maandazi."

Alilimaliza, akanyoosha mkono akasema, "Andazi." Mama akaukunja mfuko wa foili. "Sema: naomba andazi."

Ilichukua majaribio kadhaa, na "naomba" ilitoka kama "nayomba", na watu kadhaa walipita wakatuona, na hawakutuonaje wala nini. Mmoja alituuliza choo kiko wapi. Mjomba alikuwa amesimama pembeni na simu, anaangalia kama meza ya Boma ya kesho usiku inaweza kufutwa bila faini. Hakukaa. Andazi alikula, amesimama, ametupa mgongo.

Boma haikufutwa. Tulikwenda, tukala, sina la kuongeza.

Tuliporudi Atlanta Mjomba alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: Mama na Bata Donald, nyuma yao ukuta uliochubuliwa kwa ustadi. Chini yake ameandika, "Dada yupo nyumbani." Zikaja pongezi kutoka Tanga, Muheza, Dar, Muscat. Mioyo, makofi, mashallah.

Picha ya benchi ninayo mimi. Haijakaa vizuri, kidole changu kimeingia pembeni, na Mjomba anaonekana mgongo tu. Nimeituma leo asubuhi, kabla ya kumaliza kuandika haya. Mpaka sasa hajajibu mtu, isipokuwa bibi yetu mmoja wa Muheza, anayetaka kujua kama hayo maandazi Mama aliyatia iliki, maana anayaona yamekaa meupe mno.